Wake wa Askari na Soko Lao: Habari za Tabora na Njia ya Misafara

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kusema juu ya biashara ndogo, na juu ya watu ambao majina yao ni machache mno yaliyoandikwa. Wengi wenu mmepata kusikia habari za maduka ya zawadi yanayoendeshwa na wake wa askari walio ng'ambo. Katika kambi za Wamarekani, huko Okinawa katika nchi ya Japani, na huko Ujerumani, wanawake waliofuatana na waume zao hukusanyika wakaanzisha duka. Huuza vyombo vya udongo, vitambaa, na kazi nyingine za mikono za nchi ile. Tena huuza vitu vilivyokwisha kutumika, ambavyo wenye kuhamishwa hawawezi kuvichukua. Wauzaji wengi hujitolea bure. Faida haigawanywi, hutolewa kusomesha watoto na kuwasaidia wagonjwa na maskini. Na daftari huwekwa, hata ijulikane fedha imetoka wapi na imekwenda wapi.

Je, katika nchi yetu palikuwa na jambo kama hilo? Ukienda Tabora leo ukauliza duka la wake wa askari lilikuwa wapi, hapana atakayekuonyesha mlango. Halikuwako duka lenye kibao. Lilikuwako soko karibu na boma, na miongoni mwa waliokaa hapo na vyungu vyao na vikapu vyao walikuwamo wake wa askari. Walakini kwa maoni yetu soko hilo lilifanya kazi kubwa kuliko duka la zawadi, maana duka la zawadi likifungwa askari hula vilevile, bali soko la Tabora lingalifungwa, askari wangalilala njaa.

Kabla ya kuingia Tabora yatupasa kueleza kidogo asili ya maduka hayo, kwa kuwa hayakuzaliwa kwa anasa. Katika majeshi ya Ulaya ya zamani askari wa cheo cha chini alikatazwa kuoa bila ruhusa ya mkubwa wake. Jeshi la Uingereza lilipopelekwa ng'ambo, wake wachache tu katika kila kikosi waliruhusiwa kupanda meli, nao walichaguliwa kwa kura. Aliyepata kura njema alikwenda, akafua nguo za askari na kuzishona apate ujira wake. Aliyekosa alibaki gatini na watoto wake, pasipo mshahara wa mume wala nyumba. Aibu hiyo ndiyo iliyomfanya Meja James Gildea, mwaka 1885, majeshi yalipokuwa yakienda Misri, kuwaomba Waingereza michango kwa ajili ya wake na watoto wa askari. Na chama kilichotokana na ombi lake kingaliko. Huko Ujerumani, katika mwaka wa 1886, mabibi wa Berlin walianzisha chama cha kupeleka wauguzi katika nchi zilizokuwa zikitwaliwa Afrika, na mwaka 1887 mmoja wao, Frieda von Bülow, alifika Unguja kwa kazi hiyo. Chama kilichotokana na juhudi hizo kilitafuta fedha kwa michango, kwa dansi, na kwa masoko ya hisani. Basi duka la zawadi ni mtoto wa masoko ya namna hiyo. Lakini mabibi hao walikuwa watu wenye nafasi. Fedha waliyoitafuta haikuwa ya chakula chao wenyewe.

Sasa tuiache Ulaya turudi katika njia yetu.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo kwenye jua kali na maji machache, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora; toka hapo iliendelea magharibi kupita Uvinza penye chumvi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Tawi jingine lilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Unyanyembe mwezi wa Novemba 1857, wakakuta mji wa wafanya biashara ulio imara. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, juu ya bega lake, akaenda nao miezi miwili au mitatu.

Vitabu vya wasafiri husema sana juu ya mpagazi huyo, na kwa haki. Lakini ukivisoma polepole utawaona na wanawake, wakipita pembeni mwa habari. Mwanamke wa msafara alichukua chungu, mkeka, kibuyu cha maji, na mara nyingi mtoto mgongoni. Walipofika kambi yeye alitafuta kuni na kupika. Dr. Livingstone alipofariki mwaka 1873, waliomchukua mpaka pwani hawakuwa Chuma na Susi peke yao. Alikuwamo Halima, mke wa Amoda, aliyekuwa mpishi wa Livingstone, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Maiti ilipitishwa Kwihara, jirani na Tabora, katika Oktoba ya mwaka ule. Sisi tulio walimu twajua ya kuwa mwanafunzi akiulizwa habari za safari ile, atayataja majina mawili ya wanaume bila kusita. La Halima hutajwa mara chache.

Chakula cha msafara kilipatikanaje? Mpagazi hakupewa nyama na wali kutoka ghalani. Alipewa posho, na posho hiyo mara nyingi ilikuwa kitambaa au ushanga, akajinunulie mwenyewe katika vijiji vya njiani. Hapo ndipo penye mlango wa biashara ya wanawake. Mtu aliyechoka, aliyefika kambi jua likitua, hana nguvu ya kwenda kijijini kubishana juu ya mtama. Mwanamke aliyejua kununua, kutwanga, kupika na kukigawa chakula hicho kwa vibaba alikuwa na kitu cha kuuza kila siku ya safari. Kumbukeni jambo hili, kwa maana jeshi lilipokuja lilifuata njia ileile na kula kwa namna ileile.

Jeshi lilikuja hivi. Katika mwaka wa 1889 Hermann von Wissmann aliandikisha askari wa Kisudani huko Misri, na wengine katika nchi ya Msumbiji, apate kupigana na watu wa pwani waliokuwa pamoja na Abushiri. Wasudani wale hawakuja peke yao. Walipanda meli na wake zao na watoto wao, nao Wadachi walikubali, kwa kuwa wasingaliwapata kwa sharti jingine. Mwaka 1890 Emin Pasha alipita Tabora akaisimamisha bendera ya Kidachi. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakukubali kuwekwa chini. Alipigana mara kadhaa, hata ngome yake ilipotekwa na Tom von Prince mwezi wa Januari 1893, naye akafa. Baada ya hapo askari walikaa Tabora pasipo kuondoka, wakajengewa boma, na karibu na boma pakawa na kijiji cha askari.

Kijiji cha askari hakikuwa kambi kama tuijuavyo sasa, yenye mabweni na jiko moja. Ilikuwa mitaa ya nyumba, kila askari na watu wake: mke, au wake, watoto, ndugu waliomfuata, na kijana wa kumchukulia vitu vyake safarini. Nyumba ya askari mmoja yaweza kuwa na watu wengi wa kulishwa, nao wote walitazamia mshahara mmoja.

Hapa hatuna budi kusema neno lisilopendeza, ambalo wasifuo askari wa zamani hupenda kuliruka. Tusemapo "mke wa askari", hatusemi sikuzote mwanamke aliyeposwa kwa baba yake na kulipiwa mahari. Wako waliokuwa hivyo. Wako walioingia kwa hiari yao, wakiona ya kuwa nyumba ya askari ina nguo na chakula. Lakini wako pia waliotekwa. Kalenga ya Wahehe ilipoangushwa Oktoba 1894, wanawake na watoto wengi sana walichukuliwa mateka. Vivyo hivyo katika vita ya Maji Maji, mwaka 1905 mpaka 1907. Baadhi yao waliishia katika nyumba za askari. Tena mali iliyouzwa katika soko la askari haikutoka shambani yote. Kuku na mbuzi wengine walikuwa wametwaliwa kwa nguvu vijijini, na jirani aliyenyang'anywa hakuwa na wa kumshitaki. Kwa hiyo mwanamke yuleyule huenda alikuja kwa kutekwa, kisha akakaa akila kitu kilichotekwa kwa mwingine. Hatuwezi kumfanya malaika, wala hatumwoni kuwa mwovu. Alikuwa anatafuta namna ya kuishi mahali alipotupwa.

Na kuishi kulitaka hesabu. Kabla ya vita ya 1914 askari wa kawaida alipata rupia 20 hivi kwa mwezi. Hapo kwanza rupia moja ilivunjwa kwa pesa 64. Tangu 1904 Wadachi waliigawanya katika heller 100. Rupia 20 ilikuwa mshahara mnono ukilinganishwa na wa mpagazi au kibarua wa shamba. Lakini wakati wa amani askari alijinunulia chakula, na mshahara wake ulipaswa kulisha nyumba ile yote tuliyoitaja, na kuivika, maana mke wa askari aliyeonekana na nguo mbovu aliiaibisha nyumba mbele ya majirani. Tena askari alikuwa mtu wa kuondoka. Leo yupo, kesho anapelekwa kukusanya kodi, au kulinda msafara, au kupigana. Na aliyebaki nyuma hakuweza kuwaambia watoto wangoje mpaka arudi.

Basi mwanamke alitia mkono wake katika kazi, na kazi iliyoleta fedha upesi kuliko nyingine ilikuwa pombe. Twajua wako wasikilizaji wasiopenda kuisikia pombe ikitajwa katika mazungumzo ya namna hii, na sisi wenyewe tulilelewa katika shule za misioni ambako haikusifiwa. Walakini historia haiachi kuwa historia kwa sababu ina harufu ya togwa.

Namna ya kuifanya ni hii. Mtama hulowekwa maji, kisha hufunikwa mpaka uchipuke, siku mbili au tatu. Huanikwa juani ukauke, halafu husagwa. Hicho ndicho kimea. Unga mwingine hupikwa ukawa uji mzito, huachwa uchachuke, kisha huchanganywa na kimea na maji, ukangojwa tena siku moja au mbili. Kazi yote huchukua juma zima hivi, nayo hutaka kuni nyingi, maji mengi, vyungu vikubwa, na mtu anayejua ni saa gani ya kuipua. Tena pombe hii haikai. Iliyo nzuri leo, kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Kwa hiyo mpishi hawezi kuiweka akingoja bei. Sharti auze siku ileile.

Kutokana na jambo hili dogo la kuchacha hutoka jambo kubwa. Wanawake kumi wakipika kwa siku moja, wote watapata hasara. Ndiyo sababu wapikaji wa pombe katika nchi za bara hupokezana zamu: leo nyumba hii, kesho ile. Tena aliye na zamu hawezi kufanya kazi hiyo peke yake. Hukopa vyungu kwa jirani, huomba watu wa kuchota maji na kusaga, naye atarudisha msaada zamu ya mwenziwe itakapofika. Zamu huzaa deni, na deni huzaa urafiki, au angalau hesabu inayokumbukwa. Watu wa namna hiyo wakisikia kwamba mwenzao amefiwa na mumewe, hawana haja ya kuunda kamati. Wanaweza kumpa zamu yake ya pombe mbele ya wengine, nao wakaleta kuni. Hiyo ni sadaka, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo, na anayepewa hukaa akiuza kwa heshima yake, haombi.

Hapa ndipo soko la wake wa askari linapofanana na duka la zawadi tulilolitaja, na hapa ndipo linapoachana nalo. Katika duka la zawadi anayesaidia na anayesaidiwa ni watu wawili walio mbali. Huenda wasionane maisha yao yote. Katika kijiji cha askari ni mtu yuleyule kwa nyakati mbili. Leo wewe ndiwe unayeleta kuni, mwaka ujao wewe ndiwe mjane. Na kwa kuwa hawakuandika daftari, wasimulizi wa vita hawakupata cha kunakili.

Wateja wa soko hilo hawakuwa askari tu. Misafara ilikuwa ingali inapita, na mpagazi aliyepokea ujira wake Tabora alikuwa na kiu na njaa. Reli ya kati ilipofika mjini mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914, misafara mikubwa ilikwisha, na watu wengi walioishi kwa njia ile waliona dunia yao imegeuka. Hata hivyo mwenye kuuza chakula kilichopikwa hakupotewa na wateja wote. Wajenzi wa reli walikula, na watu wa gari la moshi walikula. Karanga, muhogo, mayai, asali ya misitu ya Unyamwezi: hivi havikungoja mpagazi peke yake.

Kisha ikaja vita. Tabora katika miaka ile haikuwa mji wa pembeni; serikali ya Kidachi yenyewe ilihamia huko ilipoikimbia pwani. Sarafu zilipoadimika, kwa sababu meli za Ulaya zilizuiwa, katika mwaka wa 1916 walipiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli: za heller 5 na 20, na nyingine ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Ya dhahabu haikuwa fedha ya kununulia kibuyu cha pombe. Heller za shaba ndizo zilizopita mikononi mwa wauzaji, na thamani yake ilitegemea bendera ya nani ingekuwa juu ya boma kesho. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, liliingia Tabora. Yeyote aliyekuwa ameweka akiba yake katika sarafu za mtawala aliyekimbia alijifunza siku ile somo lisilo katika vitabu vyetu vya hesabu.

Askari waliondoka na Wadachi, na wake wengi wakaondoka nao. Mtu aweza kuuliza kwa nini wasibaki. Lakini wabaki wapi? Mwanamke aliyetolewa mbali, asiye na ukoo Unyamwezi, kao lake lilikuwa kikosi. Kikosi kikienda, kao limekwenda. Kwa upande wao maofisa walijua ya kuwa wakiwafukuza wanawake, askari wengi watatoroka wawafuate. Hivyo wakaenda pamoja, na mizigo kichwani, wakila kilichopatikana, wakizaa watoto njiani. Mwezi wa Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, alilipunguza jeshi lake, akawaacha nyuma wagonjwa na waliochoka. Na bado wanawake wengi walikuwamo katika msafara uliokwenda mbele. Ukiutazama msafara huo kwa mbali, wasingalikuwa na bunduki, usingaliweza kuutofautisha na msafara wa zamani wa Unyanyembe: mzigo, chungu, mtoto mgongoni.

Mwisho wake ulirudi kwetu. Jeshi hilo liliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Askari waliobaki walikuwa zaidi ya 1,100. Walitembezwa mpaka Kasanga, wakapakiwa melini kwa njia ya ziwa mpaka Kigoma, kisha kwa gari la moshi wakaletwa Tabora, wakawekwa kambini. Ugonjwa mkali wa mafua, ulioenea dunia nzima mwaka ule, uliwakamata, na wengi waliookoka risasi hawakuokoka homa hiyo. Nao walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Fedha haikuwako, wakapewa hati za karatasi zenye kutaja deni lao. Katika hati liliandikwa jina la askari. Jina la aliyempikia miaka minne halikuwa na mahali pa kuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyemwajiri.

Katika Dar es Salaam, mwaka 1927, ilisimamishwa sanamu ya askari, ile aijuayo kila mtu aliyepita mjini, kwa ukumbusho wa waliokufa upande wa Waingereza. Maneno yake yanawataja askari, yanawataja wapagazi, kisha yanawataja wanaume wengine wote waliotumikia. Sisi hatuna ugomvi na sanamu hiyo, nayo ni kazi nzuri. Twasema tu ya kwamba mwandishi wake alichagua maneno kwa uangalifu, na wanawake hawamo.

Baada ya vita msaada wa watu kwa watu ulipata sura iliyo wazi zaidi, nayo ni ngoma ya beni. Vyama vya Marini na Arinoti vilianza pwani, vikaingia bara kwa miguu ya askari, wapagazi na makarani, vikaenea katika miji ya reli. Mzee apitaye aliona watu wakicheza gwaride na tarumbeta, wenye vyeo vya kuchekesha vya kijenerali na kifalme, akadhani ni upuuzi. Lakini ndani ya upuuzi huo mgeni alipokelewa, mgonjwa alitazamwa, na maiti ilipata sanda na watu wa kuichukua. Wanawake walikuwamo, nao walikuwa na vyeo vyao na michango yao. Kwa maoni yetu hapa ndipo pa kutafuta jamaa wa karibu kabisa wa lile duka la hisani: watu waliotupwa mbali na kwao na jeshi au kazi, wakafanya ukoo mpya kwa kutoa kidogo kidogo.

Vita ya pili tutaipita upesi. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walichukuliwa, wengine wakafika Uhabeshi, Madagaska na Burma. Safari hii wake hawakufuata. Walibaki vijijini, na sehemu ya mshahara ililetwa kwao kwa njia ya serikali. Ilikuwa nafuu kubwa kuliko mambo ya 1916, ingawa fedha inayopita mikono mingi hupungua joto kabla haijafika, na askari wengi huko ng'ambo walilalamika ya kuwa wake zao hawakupata walichokatwa.

Baadaye King's African Rifles walikuwa na kikosi Tabora, na wake wakarudi kukaa kambini. Mambo yalikuwa yamebadilika. Katika kambi za KAR wake wa maofisa wa Kiingereza walisimamia mafunzo ya kushona, kufuma, na kulea watoto, na yako mengi mema yaliyofunzwa hapo. Wakati huohuo wakubwa wa jeshi walikuwa wakipigana vita isiyokwisha na wapikaji wa pombe katika nyumba za askari. Ajabu yake ni hii: kazi ya sindano ilihesabiwa kuwa maendeleo ya mwanamke wa askari, na kazi ya chungu ikahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu, hali zote mbili zilitokana na haja moja, yaani mshahara usiotosha. Mshahara huo ndio uliokuwa miongoni mwa sababu za maasi ya Januari 1964, yaliyoanza Dar es Salaam tarehe 20 na kufika Tabora siku ya pili yake. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba ya mwaka uleule likaundwa jeshi jipya la wananchi.

Mwaka huohuo wa 1964 ile hati ya karatasi ya mwaka 1918 ilikumbukwa. Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai, na mtu wa benki akaja Mwanza na fedha. Wazee 350 hivi walikuja. Wachache walikuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya nguo za kijeshi. Husimuliwa kwamba asiye na ushahidi wowote alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kidachi afanye gwaride, na kwamba hata mmoja hakuisahau amri. Wakalipwa, wakarudi makwao. Wengine walikuwa wamesindikizwa mpaka Mwanza na wake zao wazee, ambao wao hawakuamriwa kitu.